Baladi ya Metali Inapopangwa Upya: "Everwake" ya Anathema

Hevi metali, yaani muziki wa roki unaotegemea magitaa ya umeme yenye sauti ya kukwaruza na ngoma zinazopigwa kwa kishindo, ina baladi zake pia, ambazo ni nyimbo za mwendo wa taratibu zinazotanguliza uimbaji. Bendi inayodumu na kubadilika hufika mahali ikaamua ama iziache baladi zake za awali zilivyo, ama izipange upya kwa mtindo iliouzoea baadaye. Anathema, bendi ya Liverpool, Uingereza, iliyoanzishwa mwaka 1990 na ambayo nguzo zake zilikuwa ndugu wa familia ya Cavanagh, ilichagua njia ya pili.

Katika albamu yake fupi ya Crestfallen ya mwaka 1992, bendi hiyo ilipiga metali ya mwendo wa pole na huzuni nzito, ambayo mwimbaji wake hunguruma kutoka kooni. Miongoni mwa nyimbo za albamu hiyo ulikuwamo "Everwake", wimbo mfupi wa sauti ya kike na gitaa lisilo la umeme, ambao ulipata nguvu yake kutokana na nyimbo ulizopakana nazo, kwa kuwa msikilizaji aliyetoka katika kishindo aliupokea kama pumziko.

Kufikia mwaka 2011, Anathema ilikuwa imeuacha mngurumo siku nyingi na kuhamia kwenye roki tulivu, na katika albamu ya Falling Deeper ilizirekodi upya nyimbo kadhaa za ujana wake, Dave Stewart akiwa mpangaji wa sehemu za okestra. Nyimbo za kishindo zilipopunguziwa uzito, tuni zilizokuwa zimefunikwa na magitaa zilijitokeza waziwazi. "Everwake", iliyoimbwa safari hii na Anneke van Giersbergen wa Uholanzi, haikuwa na kishindo cha kuondolewa, na albamu nzima ilipokuwa tulivu haikuweza tena kuwa pumziko, hivyo ilibidi nguvu yake itoke ndani ya wimbo wenyewe, katika sauti ya mwimbaji na ala zinazomzunguka.

Ndiyo maana kuipanga upya baladi ni mtihani mgumu kuliko kuulainisha wimbo mzito, na anayetaka kuupima ugumu huo hana budi kuisikiliza kila albamu kwa ukamilifu wake, kwani "Everwake" ikichomolewa peke yake, nusu ya maana ya mabadiliko hayo hupotea.