Subira si Uzembe

Timu ya besiboli ya Chicago White Sox, iliyotwaa ubingwa wa Marekani mwaka 2005, ilifungwa michezo 121 kati ya 162 mwaka 2024. Tangu mwaka 1901 hapakuwa na timu ya ligi kuu iliyofungwa mara nyingi kiasi hicho katika msimu mmoja.

Wengi wangetarajia uongozi ukimbilie kununua majina makubwa. Kinyume chake, Desemba 2024 ulimtoa mrushaji wake hodari, Garrett Crochet, kwa timu ya Boston, ukapokea vijana wanne. Mwaka 2025 timu ilishinda michezo 60, yaani 19 zaidi ya mwaka uliotangulia, na baadhi ya vijana hao, wakiwemo Kyle Teel na Chase Meidroth, walikuwa uwanjani.

Hata hivyo, tusidanganyane. Kufungwa mara 102 si fahari, na ulikuwa mwaka wa tatu mfululizo wa kupoteza michezo zaidi ya mia moja. Kwa hiyo msimu unaofuata timu hiyo haifai kupimwa kwa ndoto ya kikombe, bali kwa swali moja tu: je, vijana wake wanakua?

Nasi visiwani huombwa subira kila timu zetu zinapofungwa. Hatuikatai. Lakini mkulima wa karafuu husubiri miaka kwa ajili ya mche alioupanda na kuupalilia. Asiyepanda hana anachokisubiri. Wahusika watuonyeshe miche yao.