Simu yasema hewa ni safi, kifua cha mtoto chakataa

Mama mmoja mkazi wa Dandora, Nairobi, aliniletea mwanawe wa miaka sita majuzi. Kifua cha mtoto kilikuwa kikitoa mlio kama filimbi, na mbavu zikibonyea ndani kila alipovuta pumzi. Tulipokwisha kumtuliza kwa dawa ya pumu, mama alinionyesha simu yake. Palikuwa na ramani ya jiji yenye alama ya kijani. "Daktari, mbona hii yasema hewa ni nzuri?"

Niliibonyeza ile alama. Kifaa kilichopima hewa hiyo kilikuwa Kilimani, upande wa pili wa jiji. Karibu na nyumba yake, na karibu na jaa la taka lililoanza kutumika miaka ya 1970, ramani ile ilikuwa tupu. Kwa macho ya haraka, mahali patupu hufanana na mahali salama.

Msomaji, huenda nawe una ramani ya aina hii. Si mbaya hata kidogo. Mradi wa sensors.AFRICA umekuwa ukiwahusisha wananchi kupima hewa kwa vifaa vidogo, na OpenAQ, iliyoanzishwa mwaka wa 2015, hukusanya vipimo vya serikali na vya watu binafsi mahali pamoja kwenye intaneti, bila malipo. Afisa wa kaunti na mwenye kibanda cha mboga waweza kutazama nambari ile ile.

Je, nambari hiyo hupatikanaje? Kifaa huvuta hewa, huimulika kwa mwale wa leza, kisha hukadiria chembechembe kwa jinsi zinavyotawanya mwanga. Zinazotutia wasiwasi sisi madaktari ni zile zisizozidi mikroni 2.5, ziitwazo PM2.5. Unywele wako ni mnene mara 30 hivi kuliko chembe hiyo. Pua haiwezi kuzizuia. Hupenya hadi ndani kabisa ya mapafu, na nyingine huingia katika damu. Ndiyo sababu zinahusishwa na pumu na nimonia, na pia kiharusi na mshtuko wa moyo. Mwaka wa 2021 Shirika la Afya Duniani (WHO) lilishauri kuwa wastani wa siku nzima usizidi mikrogramu 15 katika kila mita moja ya ujazo. Nasema wastani wa siku nzima, si nambari uliyoiona saa moja asubuhi ukingoja matatu. Tena vifaa vya bei nafuu hudanganywa na ukungu: matone ya maji huhesabiwa kama vumbi.

Ikiwa nyumbani kwako kuna mwenye pumu, nunua daftari. Andika saa anayokohoa, mara ngapi ametumia inhela, na moshi ulitoka wapi. Mwonyeshe daktari wako. Usimpunguzie mgonjwa dawa kwa sababu simu imeonyesha kijani!

Upande wa serikali ndipo mambo hukwama, kwani nambari peke yake haizimi moto wa taka. Hata hivyo, Kifungu cha 42 cha Katiba kinakupa haki ya mazingira safi, na cha 70 kinakuruhusu kwenda kortini kuidai bila kuthibitisha kuwa umeumia. Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 nayo inaipa ofisi ya umma siku 21 kujibu ombi lako. Basi iandikie NEMA au kaunti, uombe vipimo vya hewa ya mtaa wako. Wakisema havipo, wakujibu kwa maandishi. Barua hiyo itakufaa utakapodai kifaa kiwekwe kwenu.

Mama yule amerudi na daftari. Mtoto hukohoa zaidi kati ya saa tatu na saa tano usiku. Nimembadilishia dawa. Yeye na majirani wamepeleka barua yao. Walikuwa katika siku ya tisa tulipoonana.