Mayai yaliyoharibika na ujira wa aliyejitahidi

 

Ndugu Waislamu, Ijumaa moja baada ya swala, mzazi mmoja alitujia akiwa amemshika mkono mwanawe wa kidato cha pili. Shauri lake lilikuwa hili: kijana, kwa mradi aliouchagua mwenyewe katika klabu ya sayansi shuleni, ametengeneza mashine ya kutotolea vifaranga kwa boksi na balbu. Ametia humo mayai 30 ya kuku wa mama yake, na baada ya siku 21 hakikutoka hata kifaranga kimoja. "Sheikh, mnasihi," alisema. "Aache michezo, ashike kitabu."

Mayai, tuliuliza, yalitolewa na mama kwa ridhaa. Lau si hivyo tungekuwa na neno jingine.

Tulimwomba kijana atuonyeshe daftari lake. Humo aliandika kiwango cha joto cha kila asubuhi na jioni, kwani alijua kuwa yai la kuku huhitaji nyuzi joto 37 na nusu hivi. Aliyapasua yale yaliyoharibika akaandika alichokiona: katika mengi, kiinitete kilikuwa kimegandamana na gamba upande mmoja. Chini yake maneno mawili tu: "Sikuyageuza vizuri" alikuwa ameandika kwanza, kisha akafuta neno "vizuri" na kuandika "kabisa". Kuku huyageuza mayai yake mara nyingi kwa siku, boksi haligeuzi. Tulimwambia mzazi kwamba hicho ndicho kitabu alichotaka kishikwe.

Katika Hadithi iliyopokewa na Bukhari na Muslim, Mtume (S.A.W) ametufundisha kuwa hakimu akijitahidi akapatia ana ujira mara mbili, na akijitahidi akakosea ana ujira mmoja. Wanazuoni wameshurutisha awe mwenye elimu na aliyefanya juhudi ya kweli. Mzembe hana fungu hapo. Hadithi ni ya mahakimu, wala hatutaki kuivuta kupita mpaka wake. Lakini ikiwa kosa katika haki za watu lina ujira likitanguliwa na juhudi, mayai 30 yatamstahilishiaje kijana viboko?

Mwaka 1963, katika Shule ya Sekondari Magamba, Lushoto, mwanafunzi Erasto Mpemba alikuwa akitengeneza aiskrimu. Kwa kuchelea kukosa nafasi katika jokofu, aliweka maziwa yake yakiwa bado ya moto. Yakaganda kabla ya yale ya mwenzake ambayo hayakuchemshwa. Mwalimu alimwambia amechanganyikiwa. Alipofika Mkwawa, Iringa, swali lake likawa kichekesho darasani. Akamwuliza Dk. Denis Osborne, mhadhiri wa fizikia kutoka Dar es Salaam, naye akaagiza lipimwe maabara. Mwaka 1969 wawili hao walichapisha makala. Wanasayansi wanabishana juu yake hadi leo, wengine wakilikanusha. Hilo halimpunguzii kitu Mpemba.

Nasi tulioshika fimbo za madrasa hatuna pa kujificha. Wangapi walituuliza "kwa nini" tukawanyamazisha?

Mzazi alikaa kimya kitambo. Kisha akamgeukia mwanawe: "Sasa yanageuzwa mara ngapi kwa siku?" Kijana akafungua daftari.