Kabla ya Nyumba, Tazama Mtaa



Mtumishi anapostaafu na kukabidhiwa kiinua mgongo chake, ushauri wa kwanza anaoupata hapa Dar es Salaam ni huu: nunua nyumba, pangisha vyumba, ule uzee wako kwa raha. Ushauri wenyewe si mbaya. Taabu ni kwamba wengi huenda kutazama nyumba wakasahau mtaa. Huvutiwa na bati jipya na rangi ya ukutani, kumbe bati linaweza kubadilishwa wakati wowote. Mtaa ukishaununua, umeununua.

Tuanze na hesabu. Tuseme, kwa mfano tu, umeonyeshwa nyumba ya shilingi milioni 150 huko Sinza, yenye vyumba 8, kila kimoja shilingi 100,000 kwa mwezi. Kwa mwaka utapata milioni 9 na laki 6. Fedha yako itarudi baada ya miaka 15 na ushei. Nyingine iko Mbagala, milioni 40, vyumba 6 vya shilingi 50,000. Hiyo italeta milioni 3 na laki 6 kwa mwaka, na fedha yako itarudi katika miaka 11 hivi. Mbagala imeshinda? Ngoja kwanza. Vyumba 2 kati ya hivyo 6 vikikaa vitupu, mapato yatashuka hadi milioni 2 na laki 4, na miaka itapanda hadi karibu 17. Na hapo hatujagusa kodi ya serikali, matengenezo, wala choo kilichojaa.

Kwa hiyo swali la kujiuliza si chumba kitapangishwa kwa bei gani. Jiulize: mpangaji akiingia, kitu gani kitamfanya asihame?

La kwanza ni usafiri. Mpangaji wa chumba kimoja aghalabu hana gari. Hesabu hatua kutoka mlangoni hadi kituoni, na uhesabu magari mangapi atapanda hadi kazini. Mabasi yaendayo haraka yalipoanza kazi mwaka 2016 kutoka Kimara hadi Kivukoni, mwenye nyumba iliyo karibu na kituo alipata sifa mpya ya kumwambia mpangaji. Aliye mbali, ambaye mpangaji wake hulazimika kupanda bodaboda kwanza, hakupata sifa ile.

La pili ni maji na choo. Usimwulize dalali, dalali anataka chake. Waulize akina mama wenye ndoo: maji hutoka siku ngapi kwa juma, na yakikatika ndoo moja ni bei gani? Uliza pia kama gari la kunyonya maji machafu linafika hadi nyumbani. Katika mitaa iliyojengwa bila kupimwa, vichochoro vingine havipitishi hata mkokoteni.

La tatu ni mvua. Mafuriko ya Desemba 2011 katika bonde la Msimbazi yaliua makumi ya watu, na familia nyingi zikahamishiwa Mabwepande. Bondeni bei ni nafuu, na sababu yake ndiyo hiyo. Tazama kuta za majirani: mstari wa tope uliokauka juu ya msingi hausemi uongo.

La nne ni uhalali wa ardhi. Mwaka 2017 nyumba nyingi kandokando ya barabara ya Morogoro, kuanzia Kimara kuelekea Kibaha, zilibomolewa kwa kuwa zilikuwa ndani ya hifadhi ya barabara. Zilikuwa mahali pazuri mno kwa biashara. Basi uzuri wa mahali usikupofushe. Kama kuna hati, fanya upekuzi katika ofisi ya ardhi. Kama kuna leseni ya makazi tu, fahamu kwamba ni ya muda mfupi na haina uzito wa hati. Nenda kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa, na uwaulize majirani wa pande zote nne. Kama nyumba ni ya urithi, warithi wote waonekane. Na kama muuzaji ana mke au mume, naye atie sahihi.

Hatimaye, uende mtaani mara tatu kabla ya kutoa hata shilingi. Nenda alfajiri, usimame kituoni na wanaokwenda kazini. Nenda saa tatu usiku, uone kama binti anaweza kurudi nyumbani peke yake. Nenda tena mvua kubwa inaponyesha, na viatu vyako uvishike mkononi.

Muuzaji atakuambia kuna mteja mwingine anakuja kesho na fedha taslimu. Mwache aje. Kiinua mgongo hulipwa mara moja tu katika maisha, lakini nyumba za kuuzwa hazijapata kwisha mjini. Haraka haraka haina baraka.

Hadi juma lijalo, kwaheri.