KWA NINI MKONDO HUTANGULIA VOLTEJI KATIKA KAPASITA?

Katika somo la fizikia kuna jambo moja ambalo huwatatiza wengi, hata wale wanaojizolea alama za juu. Tumezoea kuambiwa kwamba volteji ndiyo inayosukuma umeme, nao mkondo ndio umeme wenyewe unaotembea ndani ya waya. Basi mambo ni kama ng'ombe na mkokoteni: ng'ombe avute, mkokoteni ufuate. Halafu siku moja unafungua kitabu na kusoma ati katika kapasita iliyounganishwa na stima ya nyumbani, mkondo hutangulia volteji kwa robo ya mzunguko! Je, mkokoteni umempita ng'ombe? Mtoto amezaliwa kabla ya mamake?

Wengi wetu hukariri tu, "mkondo mbele, volteji nyuma," tukasonga. Nia ya makala haya ni kuonyesha kwamba hapa hapana muujiza wowote, na kwamba jambo hili likieleweka vyema linaweza kumwokolea mtu pesa na hata maisha. Tena wapo wanaodai kwamba Kiswahili ni cha mashairi na ngonjera tu, fizikia iachiwe Kiingereza. Hao wajue kwamba mwaka wa 1990 TUKI ya Dar es Salaam ilichapisha Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia. Maneno yapo. Kazi iliyobaki ni kuyatumia.

KAPASITA NI NINI?

Kapasita ni kifaa cha kuweka chaji. Ndani yake mna mabamba mawili ya metali yaliyokaribiana sana, na katikati yake pana kihami, yaani kitu kisichopitisha umeme, kama vile hewa, karatasi au plastiki. Katika kapasita nyingi mabamba hayo ni utando mwembamba wa metali uliokunjwa pamoja na kihami kama mkeka. Ndiyo maana kifaa chenyewe aghalabu hufanana na mkebe mdogo.

Elektroni hazivuki kihami hicho. Zinarundikana kwenye bamba moja, na kwa kuwa chaji za aina moja hufukuzana, elektroni za bamba la pili husukumwa zitoke kwa waya wa upande wa pili. Ukitazama waya hizo mbili ukiwa nje utasema mkondo unapita, kumbe ndani hakuna kilichovuka.

Chaji inavyozidi kurundikana, ndivyo volteji kati ya mabamba inavyozidi kupanda. Kanuni yake tunaijua: Q = CV. Q ni chaji kwa kulombi, V ni volteji, na C ni uwezo wa kapasita kuweka chaji, unaopimwa kwa faradi, kipimo kilichopewa jina kwa heshima ya Michael Faraday wa Uingereza (1791-1867).

Hapo ndipo siri ilipojificha. Kapasita tupu haina volteji. Ili ipate volteji, lazima kwanza chaji iingie, na chaji kuingia ndio mkondo wenyewe! Haba na haba hujaza kibaba, lakini kibaba hakijai kabla ya haba hizo kumiminwa.

MFANO WA SOKO

Hebu tuchukue mfano wa soko la Lubao, kwenye barabara ya kutoka Kakamega kwenda Webuye, ambako hata mbwa huuzwa. Tuseme soko hilo lina lango moja tu. Watu wanaopita langoni ndio mkondo. Msongamano wa watu walio ndani ndio volteji.

Asubuhi soko ni tupu, na watu wanamiminika langoni kwa fujo. Mkondo uko juu kabisa, lakini msongamano ndani ni kama sifuri. Ifikapo saa nne watu bado wanaingia, ila ndani kumeanza kubana na kasi imepungua. Saa sita soko limejaa pomoni, hakuna hata pa kuweka mguu. Na langoni je? Anayeingia ni mmoja na anayetoka ni mmoja, kwa hivyo mkondo ni sifuri. Baada ya hapo watu wanaanza kurudi makwao. Mkondo umegeuka sasa, unaelekea nje, ingawa soko bado limejaa. Jioni wanaharakisha kutoka kabla ya giza, na soko linabaki tupu.

Umeona? Kilele cha langoni kilikuwa asubuhi, nacho kilele cha msongamano kikawa adhuhuri. Mkondo ulitangulia, msongamano ukafuata, na hakuna mwenye duka aliyeshangaa. Wahenga walinena kwamba maji hufuata mkondo. Katika kapasita, volteji nayo hufuata mkondo.

TUTUMIE TARAKIMU

Mfano ni mfano tu, kwa hivyo tuhakikishe kwa hesabu. Stima ya nyumbani hapa Kenya, iwe imetoka Olkaria, Turkwel au Sondu Miriu, ni ya volti 240 na hufanya mizunguko 50 kwa sekunde. Mzunguko mmoja basi huchukua milisekunde 20, na robo yake ni milisekunde 5. Hizo volti 240 ni kipimo cha wastani wa aina yake. Kileleni volteji hufika karibu 339.

Sasa tuchukue kapasita ya mikrofaradi 10 na tutazame robo ya kwanza, volteji inapopanda kutoka sifuri:

Milisekunde 0: volti 0
Milisekunde 1: volti 105
Milisekunde 2: volti 200
Milisekunde 3: volti 275
Milisekunde 4: volti 323
Milisekunde 5: volti 339

Usitazame volteji yenyewe. Tazama nyongeza yake. Katika milisekunde ya kwanza imeongezeka kwa volti 105, halafu 95, halafu 75, halafu 48, na mwisho 16 tu. Kwa kanuni ya Q = CV, kila volti moja inayoongezeka katika kapasita hii inahitaji mikrokulombi 10 za chaji. Kwa hivyo katika milisekunde ya kwanza ziliingia mikrokulombi 1,050. Gawanya kwa milisekunde moja, utapata mkondo wa ampia 1.05. Endelea vivyo hivyo: 0.95, 0.75, 0.48, 0.16.

Ajabu iko wapi? Volteji inapanda, mkondo unashuka! Volteji inapofika kileleni haiongezeki tena, basi hakuna chaji mpya inayohitajika na mkondo unakuwa sifuri. Milisekunde ya sita volteji imerudi kwenye 323. Ili ishuke, chaji lazima itoke, kwa hivyo mkondo umegeuka na kuelekea upande mwingine.

Hii ndiyo kanuni ya kushika: mkondo wa kapasita haufuati ukubwa wa volteji, bali hufuata kasi ya kubadilika kwa volteji. Volteji hubadilika kwa kasi zaidi inapopita kwenye sifuri, na husita kidogo kileleni kama jiwe lililorushwa juu kabla halijaanza kuanguka. Ndiyo maana vilele vya mkondo na vilele vya volteji vimeachana kwa milisekunde 5. Mzunguko mzima ukihesabiwa kuwa nyuzi 360, robo hiyo ni nyuzi 90.

JE, MKONDO UNAJUA YATAKAYOKUJA?

La hasha! Mkondo si mganga wa kupiga ramli. Hauigi volteji ambayo bado haijafika. Kila nukta unatii mabadiliko ya volteji ya nukta ile ile. Tunasema "unatangulia" kwa sababu ukichora grafu mbili, kilele cha mkondo kinaonekana kabla ya kilele cha volteji. Kwa hivyo mkokoteni haukumpita ng'ombe hata kidogo. Ni sisi tuliodhani kwamba mkondo mkubwa lazima uje na volteji kubwa. Hilo ni kweli kwa waya wa pasi au balbu ya kizamani, ambamo mkondo na volteji hupanda na kushuka bega kwa bega.

Kwenye koili, yaani waya uliozungushwa mara nyingi, mambo huwa kinyume. Koili hupinga mabadiliko ya mkondo, kwa hivyo mkondo huchelewa nyuma ya volteji. Kapasita hutanguliza, koili huchelewesha. Shika hilo, tutalihitaji sasa hivi.

LINATUFAA NINI HUKU NYUMBANI?

Pengine utasema, "Haya ni ya mtihani tu." Sivyo. Tazama feni ya darini au pampu ndogo ya kuvuta maji kisimani. Nyingi huendeshwa na mota inayotumia waya mbili za stima ya kawaida. Stima hiyo huenda na kurudi, huenda na kurudi, wala haina mzunguko ndani yake. Ni kama pedali ya baiskeli iliyosimama wima juu kabisa: ukiikandamiza chini moja kwa moja, baiskeli haisongi. Inahitaji msukumo mwingine, wa upande tofauti na wa wakati tofauti.

Msukumo huo wa pili huletwa na kapasita. Ndani ya mota mna koili mbili zilizopangwa pande tofauti. Moja hupata stima moja kwa moja, na mkondo wake unachelewa. Ya pili hupata stima kupitia kwa kapasita, na mkondo wake unatangulia. Basi sumaku ya koili moja ikipungua, ya koili nyingine inapanda, na kwa kupokezana hivyo nguvu ya sumaku inazunguka na kuizungusha mota.

Kapasita ikiharibika, msukumo wa pili unadhoofika au kutoweka. Mota inanguruma tu bila kuzunguka, na ikiachwa hivyo inapata moto hadi koili zikaungua. Mtu asiyejua husema mota imekufa, akaiuza kama chuma chakavu na kununua mpya. Kumbe huenda kilichoharibika ni kapasita, ambayo bei yake ni ndogo sana ikilinganishwa na ya mota nzima. Kabla ya kuuza mota yako, mwambie fundi wa stima apime kapasita kwanza.

Jambo la pili linahusu viwanda vyenye mota kubwa, kama vile vya sukari huku kwetu magharibi mwa Kenya, na hata mashine za kusaga mahindi. Koili za mota hizo huuchelewesha mkondo, kwa hivyo sehemu ya mkondo unaovutwa huenda na kurudi bure, ikizipasha waya moto bila kufanya kazi yoyote. Dawa yake ni kufunga kapasita kando ya mota. Mkondo unaotangulia hukutana na ule unaochelewa, vikafutana. Jambo hili lina pesa ndani yake: wateja wakubwa wa Kenya Power hutozwa ada ya ziada uwiano wa nguvu inayofanya kazi kwa nguvu inayovutwa ukishuka chini ya 0.9.

TAHADHARI

Kwa kuwa kazi ya kapasita ni kuweka chaji, inaweza kubaki nayo hata baada ya stima kuzimwa na plagi kuchomolewa. Kapasita iliyobaki na mamia ya volti inaweza kukupiga vibaya, na kubwa zaidi inaweza kuua. Usiiguse kwa mkono, wala usiichokore kwa bisibisi ili uone cheche kama wafanyavyo baadhi ya mafundi. Kazi hiyo mwachie fundi aliyehitimu, ambaye huitoa chaji polepole kupitia kwa kizuizi, kisha akahakikisha kwa voltimita kwamba imekwisha.

ZOEZI

Mpenzi msomaji, nakuachia swali. Chukua kapasita ya mikrofaradi 2.5, kama zile zinazopatikana katika feni nyingi za darini, uiunganishe (kwenye karatasi, si ukutani!) na stima ya volti 240. Ukitumia orodha ile ya volteji hapo juu, tafuta mkondo katika kila milisekunde ya robo ya kwanza, kisha uchore grafu ya mkondo na ya volteji kwenye ukurasa mmoja. Ukipata karibu ampia 0.26 katika milisekunde ya kwanza na 0.04 katika ya mwisho, pongezi! Mwonyeshe grafu hiyo rafiki yako anayekariri, na umweleze kwa Kiswahili.