Moto wa mkonge: nani aingie, nani asubiri?

NGOMBEZI, wilayani Korogwe, ni eneo la mkonge. Wakulima wadogo husindika kwa pamoja kupitia ushirika, hivyo ghala likiungua hasara si ya mtu mmoja, ni ya kaya nyingi.

Ajali haina kinga, lakini vurugu za uokoaji zinazuilika. Mwenye ndoo na mwenye machela wakikimbilia ndani pamoja, mwokoaji naye hugeuka majeruhi.

Dawa ni kukubaliana mapema. Kwanza, awepo kiongozi mmoja wa kutoa amri, na mwingine apige 114, namba ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji. Askari wakifika, wakabidhiwe uongozi pamoja na orodha ya waliokuwa zamu.

Pili, wanaojitolea kuzima moto wasiingie penye moshi mzito. Wa huduma ya kwanza wakae nje, upande upepo unakotoka, majeruhi waletwe hapo. Aliyeungua apozwe kwa maji safi yanayotiririka kwa dakika 20. Asipakwe mafuta wala dawa ya meno.

Tatu, timu zisitawanyike mara miali ikizimika. Moto wa nyuzi hujificha ndani ya robota na kuibuka baadaye, hivyo marobota yatenganishwe na kulindwa usiku kucha.

Mazoezi ya nusu saa baada ya mkutano wa ushirika yanatosha kuanzia. Ghala hujengwa tena, lakini roho ya mtu hairudi.