Usonji: Kimya cha mtoto si upungufu wa akili

Mtoto wa miaka saba asiyeitika aitwapo, asiyemtazama mtu usoni wala kuunganisha maneno mawili, hupewa hukumu mapema: hana akili, tena hana huruma. Wengine huongeza kuwa ana jini. Kwa hukumu hiyo huondolewa madrasa, na mara nyingi hafundishwi hata kutawadha.

Usonji ni tofauti katika ukuaji wa ubongo inayojitokeza tangu utotoni. Hugusa namna mtu anavyowasiliana, anavyochangamana na wenzake, na anavyopokea sauti, mwanga na mguso. Wapo wenye usonji walio pia na ulemavu wa akili. Wapo wenye akili ya kawaida, na wapo waliojaaliwa zaidi ya hapo. Ulimi peke yake hautubainishii nani ni nani.

Mwaka 2007 watafiti wa Montreal, Kanada, walilitazama jambo hili. Mmoja wao, Michelle Dawson, mwenyewe ana usonji. Waliwapima watoto wenye usonji kwa mitihani miwili. Wa kwanza hutegemea sana maswali na majibu ya mdomo. Katika wa pili mtoto hutazama mchoro wenye pengo na kuchagua kipande cha kuukamilisha. Lau watoto 100 wangepangwa safu kwa alama, mtoto yule yule katika mtihani wa michoro angesogea mbele kwa wastani wa nafasi 30 hivi. Kwa watoto wasio na usonji, mitihani hiyo ilikaribiana. Akili ilikuwepo, kilichopungua ni mlango wa kuifikia.

Na hisia je? Mtoto anayeziba masikio kipaza sauti kinapoadhini hachukii adhana. Sauti ile humuumiza. Anayemkimbia mama anayelia huenda amelemewa na majonzi yale kwa kuwa hajui la kufanya. Kuwa na hisia ni jambo moja, kuidhihirisha kwa desturi tuliyoizoea ni jingine. Damian Milton, mwanasosholojia wa Uingereza ambaye naye ana usonji, alieleza mwaka 2012 kwamba kutoelewana huku ni kwa pande mbili: wao hutatizika kutusoma sisi, nasi hutatizika kuwasoma wao.

Kwetu Waislamu suala hili halikomei darasani. Taklifu imejengwa juu ya akili na baleghe. Asiyefahamu ana udhuru. Anayefahamu hutekeleza kadiri ya uwezo wake. Basi anayetangaza kwa pupa kuwa mtoto hana akili huenda anamnyima mja nafasi ya kumjua Mola wake. Tukumbuke kuwa Surat Abasa iliteremshwa kwa ajili ya kipofu, Abdullah bin Ummi Maktum, aliyekuja kutafuta elimu.

Mzazi, mpeleke mtoto hospitali achunguzwe, na uombe apimwe kwa njia isiyotegemea maneno pekee. Bandika picha za hatua za udhu karibu na bomba, kwa mpangilio usiobadilika. Mzoeshe msikiti saa usipokuwa na msongamano. Nawe ustadh, mpe muda wa kujibu. Akishindwa kutamka, mwache aoneshe kwa kidole. Jibu la kidole nalo ni jibu.